Nywele za Mama Faith

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kunyolea, Butimba, pale njia ya kwenda chuo cha ualimu inapoachana na ile inayoshuka ziwani. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ambayo hakuna aliyeyaleta, maana Mwanza mawe yalikuwepo kabla yetu. Mimi naitwa Wembe, na sababu mnaiona. Karibu na mlango wangu hukaa Ngosha, jina la kijiweni Soko Huria, mwenye kioski cha sabuni, mafuta ya kujipaka, dawa za mbu na dawa za mende, vitu vilivyotujia kwa wingi tangu biashara ifunguliwe. Katikati hukaa Otuoma, tunayemwita Sangara, Mjaluo wa Shirati anayenunua samaki mwaloni, mitumbwi inapofikia, kwa ajili ya viwanda vya minofu. Kwake kila jambo la dunia linaanzia majini. Mwisho wa ubao ni mahali pa Ndalahwa. Yeye alikuwa karani wa pamba mpaka walipopunguza watu, akabaki na kalamu mfukoni na jina la Karani. Kahawa ni ya mzee Mhoja, Msukuma wa Magu, ambaye hasemi sana kwa sababu anapuliza mkaa. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, mwaka tisini na saba. Mke wa Karani, Odeta, ambaye sote tunamwita Mama Faith, alikuwa na siku ya kumi na moja hospitalini, mimba ya miezi saba, uso na miguu vimevimba, na mikono inatetemeka hata hawezi kushika kikombe.

— Ameamkaje? nikamwuliza Karani.

— Vilevile.

— Uso umeshuka?

— Umepanda. Jicho la kushoto halifunguki.

Mzee Mhoja akammiminia kahawa bila kuulizwa. Karani akaipokea, hakunywa.

— Daktari anasemaje?

— Anasema figo. Anasema kuna sumu inaingia na hajui inapitia wapi. Akiijua anaikata, na mwili una nafasi ya kujirudi. Asipoijua anangoja tu, na sisi tunangoja naye.

— Na mtoto?

— Anacheza. Kidogo.

Penye watu wenye akili mazungumzo yangeishia hapo. Kila mtu angempa mwenzake pole, akanywa kahawa yake, akaenda zake. Sisi tulianza kuitafuta sumu, na hakuna kitu tunachokiweza kijiweni kama kutafuta kitu ambacho tunajua kilipo.

Sangara alitangulia. Alisema ni maji. Gugu maji limejaa ziwa zima, linaoza chini, likioza linatoa kitu, na kitu hicho hakifi kwa kuchemshwa.

— Mama Faith anachota bombani, akasema Karani.

— Na bomba linachota wapi? Si hukohuko?

— Sote tunakunywa hayo maji, nikasema. Mbona wewe hujavimba?

— Mimi natoka Shirati. Nimeyazoea tangu tumboni.

Soko Huria akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyesoma. Yeye alisema ni jiko la mafuta ya taa. Mafuta ya siku hizi yanachanganywa njiani, moshi wake ni mzito, na mwanamke anainamia moshi huo mara tatu kwa siku. Alituambia tuangalie masizi yaliyoko kwenye dari za nyumba zetu, halafu tujiulize mapafu ya wake zetu yana rangi gani. Alisema vizuri sana. Mtu akisikiliza asingejua kwamba kioski chake hakiuzi mafuta ya taa.

— Na sabuni? akauliza mzee Mhoja.

Alikuwa anapuliza mkaa, hata hakuinua uso. Aliuliza tu kwa sababu alikuwa mtu pekee pale ambaye hakuwa na lolote la kuficha.

— Sabuni imeshapimwa, mzee wangu, akasema Soko Huria. Hiyo tuiache. Karatasi ipo.

— Kalatasi inasema nini?

— Inasema nywele za Mama Faith ni safi. Moja nukta nne. Kawaida. Ina muhuri.

Mzee Mhoja akaridhika. Karani akaangalia kikombe chake. Mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta kitana.

Lazima niwaeleze hiyo karatasi, maana bila hiyo hamtaelewa tulikuwa tunaongea nini.

Mwezi wa pili walikuja watu wa utafiti. Walikuwa na gari jeupe na mabegi, na msemaji wao alikuwa dada mmoja mpole, Justa, wa kabila la hukuhuku, aliyejua kuamkia wazee. Walisema wanataka kujua vitu tunavyotumia nyumbani kila siku vinaingia miilini mwetu kiasi gani: dawa ya mbu inayopulizwa chumbani, dawa ya mende, rangi za kuta, na hasa sabuni. Walisema baadhi ya sabuni za kung'arisha ngozi zinazoletwa siku hizi zina zebaki ndani yake, na zebaki ikipita kwenye ngozi inakwenda kukaa kwenye figo na kwenye mishipa ya fahamu. Haionekani, haina harufu. Ila nywele huiweka. Nywele ikiota inabeba kidogo ya kila kitu kilichomo mwilini, kwa hiyo ukikata fungu dogo lenye unene wa penseli, nyuma ya kichwa, karibu kabisa na ngozi, mashine itasoma miezi iliyopita.

Walikuwa na maswali pia, kurasa nne. Unaoga na sabuni gani. Mara ngapi. Povu unaliosha au unaliacha likauke. Maswali hayo yalihusu wanawake, na katika nyumba nyingi za Butimba yalijibiwa na wanaume. Mimi nilijibu kwamba mke wangu anaoga na sabuni ya mche. Sikuwa na uhakika, lakini nilijibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika na yule dada akaandika.

Kwa Karani mambo yalikuwa tofauti. Mama Faith mwenyewe alitaka kupimwa. Alikuwa ametumia sabuni ya kung'arisha ya karatasi nyekundu, ya kwa Soko Huria, miaka miwili, povu analala nalo, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka kidogo anapotunga uzi kwenye sindano. Alipomsikia Justa aliogopa, akaenda akaitoa sabuni bafuni, akaiweka juu ya kabati, akasema haigusi tena mpaka majibu yarudi. Hayo aliyafanya peke yake, bila kuambiwa na mtu.

Aliyekataa ni Karani. Mama Faith alishapoteza mimba mbili kabla ya hii, na mama yake Karani alikuwa ametuma neno kutoka kijijini kwamba nywele za mjamzito hazitoki nje ya uzio, wala kucha zake, wala maji aliyooga. Sangara akaongeza la kwake. Alisema huko kwenye makambi ya wavuvi ameona kwa macho yake nywele za mwanamke zimefungwa kwenye kona ya wavu ili samaki waje, na mwenye nywele akakonda mpaka akaisha. Nani anajua gari jeupe linapeleka wapi bahasha zake? Alimwuliza hivyo Karani hapahapa kwenye ubao, na sote tukasema kweli, nani anajua.

Hata hivyo hakuna aliyetaka kukataa waziwazi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshaandika majina, na kila nyumba iliyokubali ilipewa chandarua. Kwa hiyo Karani akamwambia Justa kwamba mkewe amesafiri kwenda kwao Ukerewe, akirudi atamkata mwenyewe kwa kufuata maelekezo. Justa akamwachia bahasha na kipande cha uzi wa kufungia upande wa ngozini. Sangara na Soko Huria walifanya vivyo hivyo, maana mtu hatoi nywele za mke wake wakati mwenzake amekataa.

Bahasha tatu zikaletwa kwangu.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kumnyoa binti mmoja wa chuo. Chuo kilikuwa kinafunguliwa na wanachuo wa kike hutakiwa kuwa na nywele fupi. Zake zilikuwa ndefu, nzuri, zimeanguka sakafuni kwa mafungu. Nikainama, nikaokota fungu la kwanza, nikalifunga uzi kwa ustadi wangu wote, nikatia kwenye bahasha ya Mama Faith. La pili kwa Sangara, la tatu kwa Soko Huria. Tulicheka. Karani alicheka zaidi yetu sote, alikuwa amepata nafuu. Yule binti simjui jina. Nadhani alitoka Kwimba. Ngozi yake ilikuwa nyeusi ya kwao, ya mtu ambaye hajawahi kununua chochote kwa Soko Huria.

Majibu yalirudi baada ya majuma matano, kila nyumba na karatasi yake, yamepigwa kwa kompyuta, yana muhuri. Mwalimu Wilhelmina, jirani yetu, aliyetoa nywele zake mwenyewe mbele ya watu, alipata sitini na mbili, na chini yake imeandikwa aache sabuni ile mara moja na aende hospitali. Wetu wote watatu walipata kawaida: moja nukta nne, moja nukta nne, moja nukta tano.

Hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Mnadhani tulikaa kimya kwa aibu? Hata kidogo. Tulikaa kwenye ubao huu tukajadili kwa nini wake zetu ni wazima na wa jirani ni mgonjwa. Sangara alisema ni kwa sababu sisi tunakula furu na dagaa, wale wanakula nyama. Soko Huria alisema tatizo la Wilhelmina ni kwamba alinunua sabuni bandia mjini, angekuja kwake asingepata shida. Mimi nilisema, Mungu anisamehe, kwamba kunyoa vizuri nako kunasaidia kutoa taka mwilini. Tulikuwa tunajua nywele zile nilizitoa sakafuni. Tuliona zikitolewa. Lakini karatasi ilikuwa na jina la Odeta na muhuri wa mviringo, na baada ya siku tatu za maneno, sakafu tuliisahau, tukabaki na karatasi. Soko Huria aliibandika yake kwenye dirisha la kioski, na wanawake wa mtaa wakawa wanaisoma kabla ya kununua.

Mama Faith naye alisoma ya kwake. Karani alimletea kama vile hakuna neno. Angemwambia nini? Alisema, nimeambiwa na Karani mwenyewe, kwamba ana furaha mno, na kwamba anamshukuru mume wake kwa kumpelekea nywele alizochana. Karani alikuwa amemwambia kwamba alizitoa kwenye kitana chake. Basi akapanda kwenye kiti akaishusha sabuni juu ya kabati. Mimba ilikuwa imemtia madoa usoni, akataka kuyawahi, akawa anaipaka asubuhi na jioni.

Hiyo ndiyo karatasi aliyokuwa nayo daktari. Karani ndiye aliyeipeleka hospitali, kwa sababu aliombwa nyaraka zote za mgonjwa, na yeye ni mtu wa nyaraka.

Nikatoka ndani na kitana nisichokihitaji. Mazungumzo yalikuwa yameshapanda. Sangara alikuwa ameacha maji, sasa yuko kwenye ndege.

— Hizi ndege kubwa zinazokuja kuchukua minofu, anasema, zinakuja tupu. Mnaamini hivyo? Hakuna mzungu anarusha ndege tupu. Zinakuja na hewa ya kwao, hewa ya viwandani, wanaifungulia hapa wakitua. Upepo unaileta.

— Uwanja wa ndege uko Ilemela, nikasema. Huku ni Butimba.

— Upepo una mipaka?

— Basi watu wa Ilemela wote wangekuwa wamevimba.

— Wao inapita juu. Inakuja kutua huku.

Soko Huria akasema si hewa, ni kupimwa kwenyewe. Akasogea mbele ya ubao, akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru. Zamani, alisema, nani alipimwa? Hakuna. Na nani alivimba figo? Hakuna. Watu wakaja na mashine, wakachukua nywele, na nywele ni sehemu ya mtu. Mashine ikizipasha moto huko, mwenye nywele anaungua huku. Polepole. Ndiyo maana ugonjwa umekuja baada ya vipimo, haukuja kabla.

— Ngosha, nikamwambia.

— Nini?

— Mashine ilipasha moto nywele za nani?

Nilisema polepole, lakini nilisema. Soko Huria akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Sangara akaanza kukohoa. Mzee Mhoja akatusubiri tuendelee, na alipoona hatuendelei akadhani tumechoka, akasema yeye hapendi kutia neno katika mambo ya wasomi, lakini si wangetafutwa wale waliopima, wapime tena?

— Walishaondoka, mzee, akasema Karani. Mashine iko nje ya nchi. Majibu huchukua majuma matano.

— Na huyu mama ana majuma mangapi?

Karani akatoa kwenye mfuko wa shati kipande cha sabuni, karatasi nyekundu, kipya, akakiweka gotini. Nilimwuliza ni cha nini, ingawa nilijua. Alisema ni cha jioni. Mama Faith anakiomba. Anaona uso wake unavyobadilika, anaona aibu wauguzi wakimwangalia, anataka angalau ngozi isimharibikie. Soko Huria alikuwa anampa bure tangu siku ya kwanza ya kulazwa, kama mchango wake kwa mgonjwa.

— Usimpelekee, nikasema.

— Nikimnyima nitamwambia sababu gani?

— Mwambie imeisha.

— Ngosha ana katoni nzima. Anajua.

— Mwambie basi ukweli.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana aliponijibu.

— Wembe, nimelala macho usiku kumi na moja nikiupanga huo ukweli. Kila nikiuanza, unaanza na mimi. Alikuwa ameacha. Unanielewa? Alikuwa ameacha mwenyewe.

Nilimwelewa. Ninamwelewa mpaka sasa, na hilo halimsaidii mtu yeyote. Nilijua pia kwamba sentensi yake ya pili, akishamaliza kujitaja yeye, ingenitaja mimi.

Ndipo akaja Dorotea.

Ni dada mkubwa wa Mama Faith. Alikuwa amefika na meli Jumanne kutoka Nansio na tangu hapo alikuwa analala chini, pembeni ya kitanda cha mdogo wake. Sisi wengine tulikuwa hatujawahi kumwona. Aliteremka njia ya chuo akiwa na beseni la plastiki kiunoni, ndani yake nguo za mgonjwa alizotoka kufua, na alipofika akamwamkia mzee Mhoja kwanza.

— Shikamoo, baba.

— Malahaba, mwanangu. Mgonjwa yukoje?

— Tunamshukuru Mungu.

Sisi wengine akatushika mkono mmoja mmoja. Karani akasimama kumpisha akae. Alikataa, akasema hana muda, amekuja kuuliza jambo moja tu na anarudi. Akaiona sabuni mkononi mwa Karani.

— Hiyo usiilete leo, shemeji. Ya jana bado ipo. Nitamwogesha nayo nikirudi.

Akaweka beseni chini. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayesimulia bei za mahindi. Daktari alimwita asubuhi chumbani kwake. Alimwambia kwamba mwaka huu ameona wanawake watatu waliovimba namna hii na kutetemeka namna hii, na wote watatu ilikuwa sabuni. Huyu wa nne angesema bila wasiwasi kwamba ni sabuni, angeiondoa leo, angempa dawa ya kuvuta zebaki, ila dawa hiyo ni kali, mjamzito hapewi kwa kubahatisha, na karatasi ya vipimo inampinga. Kwa hiyo akamwambia aende nyumbani akaulize kama karatasi ni ya kuaminika.

— Nikamwambia, daktari, shemeji yangu ni karani. Hawezi kukuletea karatasi isiyo ya kweli.

Sangara akaangalia ziwani. Soko Huria alikuwa anachunguza kucha zake. Mkaa wa mzee Mhoja ukalia.

— Karatasi ina muhuri, dada, akasema Soko Huria.

— Nimeuona. Nimeisoma yote, mpaka yale maandishi madogo. Inasema fungu lenye unene wa penseli, limekatwa nyuma ya kichwa, kwenye ngozi. Odeta anasema zilikuwa za kitana. Karatasi haisemi kitana.

Sasa alikuwa anamwangalia Karani peke yake.

— Jana nilimfumua nywele, nimsuke upya, labda kichwa kitapumzika. Mimi ndiye niliyemsuka Odeta tangu ana miaka sita. Kichwa chake nakijua. Miezi minne si mingi, hapo nyuma pangekuwa na kipande kifupi. Nimetafuta kwa kitana, nimetafuta kwa vidole. Nywele zote zina urefu mmoja. Nauliza tu, shemeji. Alikatwa wapi?

Lilikuwa swali dogo. Mtoto wa darasa la pili angeweza kulijibu kwa kunyoosha kidole. Karani alisimama na sabuni yake, na nikaona midomo yake inafunguka.

— Dorotea, akaanza.

Mimi namfahamu Ndalahwa kwa miaka kumi na minne. Nilimwona siku alipotoka kazini na barua ya kupunguzwa, na hakuwa na uso kama ule. Nikadhani anaanguka. Nikadhani mbele ya shemeji yake, mbele ya mzee Mhoja, mbele ya njia yote ya chuo, rafiki yangu anakwenda kusema kwamba amemuua mke wake, na kazi yangu kama rafiki ni kumzuia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye. Inawezekana nilijifikiria mimi tu.

— Mimba, nikasema.

Dorotea akanigeukia.

— Mimba inaotesha nywele upesi sana. Mimi ni kinyozi, nimeona wengi. Miezi minne kwa mjamzito ni kama mwaka. Pale palipokatwa pameshajaa. Alimkata amelala, akamwambia ni za kitana asije akaogopa.

Sauti yangu ilitoka vizuri. Ilitoka kama ile niliyomjibia Justa kuhusu sabuni ya mche.

— Kumbe, akasema.

— Ndiyo. Watu wengi hawajui.

Aliwaza. Alikuwa mwanamke makini, na nilimwona akilipima neno langu upande mmoja na vidole vyake upande wa pili. Nilitaka akatae. Nawaambia kweli, nilitaka aseme wewe ni mwongo. Nilimwangalia Sangara, nikamwangalia Soko Huria, kila mmoja akamwachia mwenzake. Karani alikuwa amefunga mdomo, akakaa chini taratibu.

— Basi nitamwambia daktari hivyo, akasema Dorotea. Wewe ndiye fundi wa nywele.

Akashukuru. Akamtakia mzee Mhoja kazi njema, naye akamwambia ampe mgonjwa pole zake. Akainua beseni, akaliweka kiunoni, akageuka. Kisha akakumbuka, akarudi hatua mbili, akanyoosha mkono kwa Karani.

— Nipe tu na hiyo, shemeji. Ile ya jana imebaki ndogo.

Karani akampa.

Wageni huruhusiwa wodini saa kumi, na ilikuwa inakaribia. Alipanda njia ya chuo akienda haraka ili awahi kumwogesha mdogo wake kabla watu hawajaingia. Alikuwa bado karibu. Hata mtu mwenye sauti ndogo angeweza kumwita akasikia.